Mwani, Wanga na Chumvi

Maji yapwapo pale Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, wanawake huonekana wameinama wakifunga vipande vya mwani katika kamba. Na ukienda upande wa kaskazini, Nunge, utaona mabwawa ya chumvi yakimeta juani. Leo twataka kuwaeleza wasikilizaji habari ya jaribio moja la maabara, ambalo mwanzo wake ulikuwa katika mwani, na kwetu limeishia katika chumvi.

Katika mwaka 1811, zama za vita vya Napoleon, Ufaransa ilikuwa na haja kubwa ya shura ya kutengenezea baruti. Bwana mmoja, Bernard Courtois, alikuwa akifanya kazi hiyo kwa majivu ya mwani. Siku moja alitia tindikali kupita kiasi. Ukapanda mvuke wa rangi ya zambarau, nao ulipogusa mahali pa baridi ukaganda vipande vyeusi ving'aavyo. Hiyo ndiyo iodini, ambayo siku hizi sisi twaiita pia madini joto. Mwaka 1814 Wafaransa wengine wawili, Colin na Gaultier de Claubry, wakaeleza kwamba iodini ikikutana na wanga hugeuka buluu.

Sisi waalimu huanzia hapo somo la vyakula, maana jaribio hili halitaki mitambo. Kata kipande cha muhogo, kidondoshee iodini iliyozimuliwa kwa maji: rangi ya hudhurungi yageuka buluu iliyo karibu na nyeusi. Wali hufanya vivyo hivyo, na ndizi mbichi pia. Ndizi iliyoiva sana haigeuki sana, kwa kuwa wanga wake mwingi umekwisha kuwa sukari. Mafuta ni rahisi zaidi: sugua nazi juu ya karatasi, nayo huacha doa lipitishalo nuru. Sukari ya dafu huonekana kwa dawa ya Mdachi Fehling, ya mwaka 1849, ambayo ikichemshwa nayo hutoka buluu ikawa nyekundu kama tofali. Ute wa yai, ukitiwa soda kali na mrututu kidogo, huwa zambarau. (Soda kali twaishika wenyewe, huunguza.)

Basi, ikiwa iodini yautambua wanga, wanga nao waitambua iodini. Jambo hili ni kubwa. Tangu mwaka 1820 daktari Coindet wa Geneva aliwapa iodini watu wenye rovu, ule uvimbe wa shingo. Na baadaye ilijulikana kwamba mama mjamzito akiikosa, akili ya mtoto hudhurika. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1990, Tanzania iliagiza chumvi ya kula itiwe madini joto. Kitiwacho si iodini tupu, bali kiungo chake. Kwa hiyo anayeipima chumvi hutumia maji ya wanga yenye tindikali kidogo na potasiamu iodidi. Chumvi yenye dawa hugeuka buluu papo hapo.

Tulipofanya jaribio hilo darasani, chumvi ya pakiti iligeuka. Chumvi ya mawe, iliyonunuliwa kwa kipimo sokoni, ilibaki nyeupe.

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa pwani, akasimama. "Mwalimu, mwani una iodini, nao umetoka baharini. Chumvi nayo imetoka baharini. Mbona haina?"

Swali hilo ni la haki, na watu wazima wengi hulijibu vibaya. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, lakini iodini yake haifiki hata sehemu moja ya kumi ya miligramu. Mwani huikusanya mwilini mwake siku baada ya siku. Bwawa la chumvi halikusanyi. Twadhani rovu ni ugonjwa wa watu wa milimani, walakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha upungufu wa madini joto katika Unguja na Pemba, visiwa vilivyozungukwa na bahari pande zote.

Mwanafunzi yule hakusema neno. Kesho yake alikuja na chumvi iliyofungwa katika kipande cha gazeti, kutoka jikoni kwa mama yake. Tuliidondoshea dawa, tukangoja. Haikugeuka.