Mjusi wa Pemba na Kadi ya Ayeeyo

Nilipoenda kutafuta kitambulisho nikiwa na miaka 18, afisa aliniuliza babu yangu alizaliwa wapi. Nikamjibu, hapa hapa Isiolo. Akauliza, na baba yake je? Hapo nikanyamaza. Nilikuwa na cheti cha kuzaliwa na barua ya chifu, lakini akaniambia nirudi na wazee. Wenzangu wa darasani waliotoka upande wa Meru walikuwa washapata vyao na kusahau.

Swali la yule afisa lilinirudia mwaka huu niliposoma habari za mjusi mmoja wa Pemba. Ni wa kijani kibichi kama jani la mgomba, na kwenye migomba na minazi ndiko anakoishi. Si kama mjusi kafiri wetu wa ukutani anayengoja taa ziwashwe usiku. Huyu hutembea mchana kweupe. Jina lake la kisayansi ni Phelsuma parkeri, na kwao ni Pemba tu, hana kwingine duniani.

Lakini jamaa zake wengi wako Madagaska na visiwa vya jirani. Wanasayansi wanaeleza kwamba mababu wa ukoo huu walivuka bahari, labda wakiwa juu ya magogo yaliyosombwa na maji. Unguja iliwahi kuungana na bara zamani maji ya bahari yaliposhuka. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, kwa hiyo mjusi aliyefika huko alibaki huko. Akazaa, vizazi vikapita, mpaka akawa mjusi mwingine kabisa.

Aliyemwandika kwenye vitabu ni Mwingereza, Arthur Loveridge, mwaka 1941. Jina alilompa ni la Parker, mtaalamu wa makumbusho kule London. Loveridge alifika Nairobi mwaka 1914 kufanya kazi ya makumbusho, kisha akaingia jeshini katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na hata vitani aliendelea kukusanya nyoka na mijusi.

Nilisimama hapo kidogo, kwa sababu vita hivyo ndivyo vilivyotuleta Isiolo. Waingereza waliandikisha askari Wasomali, wengi wao Waisaaq kutoka pwani ya Ghuba ya Aden. Vita vilipoisha, baadhi yao walipewa makao hapa, wakaoa, wakafuga, wakafungua maduka. Kwenye makaratasi ya serikali ya kikoloni waliitwa "Wasomali wageni". Askari walizeeka wakafa, watoto wao wakazaliwa hapa, na neno "wageni" likabaki kwenye faili.

Yule mjusi naye alikawia kwenye faili. Kwa miaka kadhaa wataalamu walimhesabu kama tawi la spishi ya visiwa vingine, kisha wakakubali kwamba ni spishi kamili, ya Pemba.

Sisi tulipata uhuru mwaka 1963 pamoja na Wakenya wengine. Novemba 1989, serikali iliagiza Wasomali wote wa Kenya wakaguliwe, mmoja mmoja, wathibitishe kuwa ni raia. Waliopita walipewa kadi ya pinki. Ayeeyo, bibi yangu, alipanga foleni akiwa mama wa watoto waliozaliwa Isiolo, yeye mwenyewe amezaliwa Isiolo. Kadi yake bado anayo, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni chini ya nguo za Idi.

Februari 2025, Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba ule ukaguzi wa ziada wa vitambulisho umekwisha. Nilifurahi. Ila Ayeeyo hajaitupa kadi.

Jioni moja nilimsimulia habari za mjusi. Nikamwambia, ametoka ng'ambo ya bahari, hilo kila mtaalamu analijua, na bado wote wanakubali kwamba ni wa Pemba. Tena akipotea Pemba, amepotea duniani. Hakuna anayemuuliza baba wa babu yake alizaliwa wapi.

Ayeeyo alimimina chai, akafikiri, kisha akaniuliza: "Na yeye alipewa kadi?"

"Hakupewa, Ayeeyo."

"Basi huyo ana bahati," akasema, akanisogezea kikombe.