Wengu si kiungo cha ziada

Kuna habari ambayo sisi waandishi huimaliza kwa sentensi moja: majeruhi wa ajali ametolewa wengu, hali yake inaendelea vizuri. Nukta. Kwa miaka mingi hata madaktari waliweka nukta hapo hapo. Leo nataka tuiangalie historia ya nukta hiyo, maana imegharimu maisha ya watu.

Wengu, au bandama kama wengine wanavyouita, umejificha upande wa kushoto chini ya mbavu. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, anatajwa kuwa aliuita kiungo kilichojaa fumbo. Fumbo lenyewe ni hili: ukiutoa, mtu anaishi. Wapasuaji wengi wakaona basi, hauna kazi kubwa.

Mwaka 1919, nchini Marekani, Dudley Morris na Frederick Bullock waliwatoa panya wengu, kisha wakawaambukiza ugonjwa. Panya hao walikufa kwa wingi kuliko wenzao waliobaki na wengu. Watafiti wakaonya kwamba huenda binadamu naye yuko hatarini. Nani aliwasikiliza? Wachache mno.

Ikapita miaka 33. Mwaka 1952, Harold King na Harris Shumacker wa Indiana waliandika kuhusu watoto wachanga 5 waliotolewa wengu kwa sababu ya ugonjwa wa damu wa kurithi. Walipatwa na maambukizi makali, na wawili wakafa. Hapo ndipo madaktari walipoanza kuamka.

Siri iko kwenye koti. Wapo bakteria wanaojifunika koti la sukari: nimokokasi anayeleta nimonia, meningokokasi wa homa ya uti wa mgongo, na Haemophilus influenzae aina b. Koti hilo huwafanya wateleze mikononi mwa askari wa mwili. Wengu ndio chujio la damu linalowanasa, tena humo hutengenezwa kingamwili za kuwatia alama. Asiye na wengu anaweza kuanza na homa ya kawaida tu, na kesho yake akawa maiti. Hatari hiyo haiishi kidonda kinapopona. Humfuata maisha yake yote.

Msidhani haya ni mambo ya Marekani tu. Hapa kwetu wapo maelfu ambao wengu wao hufa bila kuguswa na kisu: watoto wenye selimundu. Mwaka 1986, daktari Marilyn Gaston na wenzake walionyesha kwamba penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku hupunguza maambukizi ya nimokokasi kwa watoto hao kwa asilimia 84. Mwaka 2009, utafiti wa Kilifi, Kenya, ukaonyesha kuwa nimokokasi ndiye aliyeongoza kuingia kwenye damu ya watoto wenye selimundu. Kenya ilianza kuwachanja watoto wote dhidi yake mwaka 2011, na Tanzania ikafuata.

Kwa hiyo dawa ipo, chanjo ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni taarifa. Je, kwenye ukoo wenu yupo aliyetolewa wengu, au mwenye selimundu? Muulize leo kama amechanjwa, na kama anajua kwamba homa, kwake yeye, si ya kusubiri kupambazuke.