Majalada ya Famous Monsters of Filmland

Famous Monsters of Filmland ni jarida la Marekani la filamu za kutisha lililoanzishwa mwaka 1958 na mchapishaji James Warren na mhariri Forrest J Ackerman. Majalada yake yanayosifika zaidi yalichorwa na Basil Gogos (1929–2017), mzaliwa wa Misri mwenye asili ya Kigiriki. Jalada lake la kwanza, la toleo la 9 mwaka 1960, lilimwonyesha mwigizaji Vincent Price. Gogos alijaza ukurasa kwa uso mmoja, akaumulika kwa rangi zinazogongana: kijani upande huu, nyekundu upande ule, na vivuli vizito machoni. Hofu ilitoka kwenye mwanga wenyewe, bila kuhitaji damu. Mtindo huo uliwaathiri wachoraji wengi wa sanaa ya kutisha.