Mahindi ya Juu, Mahindi ya Chini

Sisi tunaouza nafaka Webuye tunauhesabu mwaka kwa kuuliza mahindi yanatoka upande gani. Agosti yanatoka chini: Bukembe, Sang'alo, Kanduyi. Huja yakiwa na unyevu, na kazi yetu yote huwa ni turubai na jua. Kuanzia mwisho wa Oktoba yanashuka kutoka juu: Kiminini, Kwanza, Endebess, Cherangani. Kutoka hapa hadi Kitale ni takriban kilomita 60 za lami kupitia Misikhu na Kamukuywa, na ndani ya mwendo huo mfupi msimu mzima wa shamba hubadilika. Mimi nimesomesha watoto kwa tofauti hiyo. Ndiyo maana huniuma ninaposikia historia ya Bungoma, yaani chini, na Trans Nzoia, yaani juu, ikisimuliwa kama ugomvi wa makabila tu, bila mtu kutaja baridi.

Bungoma mjini pako kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kitale inakaribia 1,900. Mita 500 hupunguza joto kwa nyuzi tatu hivi, na nyuzi tatu kwa mhindi si jambo dogo. Chini, mbegu iliyopandwa Machi inavunwa Agosti, na ardhi inapata nafasi ya kupandwa tena mvua za mwisho wa mwaka zikianza. Juu, mhindi hukua polepole, hukaa shambani miezi sita na zaidi, na mkulima huvuna mara moja. Lakini akivuna amevuna! Gunzi la Kitale hujaa hadi ncha, na usiku wa baridi humpa mdudu kazi ngumu. Mvua nayo ina tabia zake. Kwetu upepo wa ziwani hupanda mchana, ukikutana na hewa ya milimani tunanyeshewa alasiri, kwa kawaida zaidi ya Kitale. Katikati ya nchi hizi mbili kuna ngazi ya mwamba inayotoka upande wa Nandi na kuishia katika vilima vya Chetambe, juu ya mji wetu. Mto Nzoia, ukiwa umekusanya maji ya Cherangani na ya Mlima Elgon, hushuka ngazi hiyo kwenye maporomoko ya Nabuyole.

Juu ya vilima hivyo vya Chetambe, mwaka 1895, Wabukusu walijichimbia handaki kuizunguka ngome yao na kupigana na kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na Charles Hobley. Walishindwa, na watu wengi waliuawa. Baada ya hapo wageni walikuja na dhana yao kwamba Mzungu hawezi kustawi mahali pa joto, na wakatafuta urefu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa askari wazungu mashamba uliwaleta wengi Trans Nzoia. Chini palibaki kuwa hifadhi ya Waafrika, ndani ya wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kaskazini. Kwa hiyo nchi mbili za kaskazini ya magharibi mwa Kenya, zilizokuwa malisho ya mifugo ya watu walewale waliopanda na kushuka kufuata majani, zikatenganishwa kwa sheria. Baridi haikuchora mpaka huo. Iliwapa tu wenye nguvu sababu ya kuutaka.

Mama yangu alizaliwa juu, kwenye shamba la mlowezi karibu na Kitale, kwa sababu babu alikuwa skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka mtu wa namna hiyo amfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka, ndipo aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake. Mama alikumbuka zaidi asubuhi za Julai: umande unaouma miguu, moshi wa kuni mbichi, na nguo moja ya kutosha mtoto mmoja. Aliposhuka Webuye kuolewa, alisema, alishangaa kuona watoto wakicheza nje alfajiri bila kutetemeka.

Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilianzisha udhibiti wa mahindi, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Gunia la Mzungu lilinunuliwa kwa bei ya juu kuliko gunia la Mwafrika, na kutoka katika malipo ya Mwafrika zilikatwa pesa nyingine. Mimi nimepima mahindi ya pande zote mbili maisha yangu yote. Nayajua kwa meno na kwa kiganja. Hakuna kipimo cha nafaka kinachoweza kuihalalisha bei ile.

Hasira ilipanda. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyewahi kuwa mchezaji hodari wa mpira, aliongoza Dini ya Msambwa, wafuasi wakiutazama Mlima Elgon katika ibada zao. Mwaka 1948 watu 11 walipigwa risasi na kufa Malakisi, na mwaka huohuo dini ikapigwa marufuku. Katika mashamba ya Trans Nzoia majengo ya walowezi yalikuwa yakichomwa moto. Mlima ni mmoja, unaonekana kutoka pande zote mbili, na waumini hawakuona kwa nini upande mmoja uwe na mwenye kuuzuia.

Reli ilikuwa imekwisha kupita. Kitale ilipata tawi lake mwaka 1926, na njia kuu, iliyofika Kampala mwaka 1931, ilishuka kupitia kwetu, wakati mji ukiitwa Broderick Falls. Baadaye kiwanda cha karatasi, kilichoanza kazi miaka ya 1970, kiliwekwa hapa: maji ya Nzoia, reli mlangoni, na miti ya misonobari kutoka nchi ya baridi, Turbo na kwingineko.

Kitu kilichobadilisha sahani zetu, hata hivyo, kilitoka Kitale. Watafiti wa mahindi walichukua mbegu iliyokuzwa pale, Kitale Synthetic II, wakaichanganya na Ecuador 573, mbegu ya Ekwado huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1964 wakatoa H611. Wakulima wadogo waliipokea kwa kasi kubwa, na familia hiyo ya 600 bado inatawala juu. Tatizo ni kwamba ilizaliwa kwa ajili ya hewa ya kule. Chini inafaa mvua ndefu. Ukiipanda mvua fupi, jua la Januari huikuta ikiwa bado haijakomaa. Ndiyo maana kwa msimu wa pili wengi wetu hushika familia ya 500, inayokomaa mapema.

Uhuru ulipokaribia, swali la mpaka lilirudi. Mwanasiasa Masinde Muliro alitaka Kitale iwe upande wa Magharibi. Tume ya mipaka ya mwaka 1962 iliiweka Trans Nzoia katika Bonde la Ufa, na Bungoma katika Magharibi. Mstari ukabaki, lakini watu walishaanza kuupita kwa njia nyingine: walichanga fedha, wakaunda vyama na kampuni, wakanunua mashamba ya walowezi waliokuwa wakiondoka. Wajomba zangu walikuwa miongoni mwao. Leo familia nyingi za Webuye zina jembe pande zote mbili. Juni na Julai, ghala letu likiwa tupu na mahindi ya shambani bado mabichi, dada yangu wa Kiminini hunitumia magunia kwa lori na kunidai. Mwishoni mwa Agosti, akiba yake ikipungua na mahindi yake ya shambani yakiwa bado hayajakauka, mimi humpandishia mapya, na tunaanza kuhesabu nani anamdai nani.