Kusokota Waya, Kuokoa Sauti

Bibi alisikiliza kwa sekunde kumi hivi, akavua hedifoni, akaniuliza: "Mjukuu wangu, huyu anayenguruma nyuma yangu ni nani?"

Tulikuwa Chundwa, kisiwani Pate. Nilikuwa nimeunda kinasa sauti changu mwenyewe: bodi ya maikrokontrola, kadi ya memori, maiki ndogo kama punje ya hindi, na waya wa mita tatu ili niketi kando nisimkodolee macho. Kinasa kilipata umeme kwa chaja ya simu, na chaja ilichomekwa kwenye inverta ya sola. Bibi alighani karibu nusu saa, kwa Kibajuni, beti alizofunzwa na mamake, beti ambazo sijaziona kwenye karatasi yoyote. Nilichopata kwenye kadi ni mmmmmmm ndefu, na ndani yake sauti ya bibi, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mkondo huku boti ya injini ikipita.

Nilidhani kosa ni la maiki ya bei ya soda. Kumbe mvumo ule una umri kumshinda bibi, na dawa yake vilevile.

Pate ilijua kupeleka sauti mbali kabla ya umeme. Siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu ambalo sasa liko makumbusho ya Lamu, ilihitaji pumzi tu. Maneno nayo yalihifadhiwa kwa wino. Karibu na mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi ambao tunausoma hadi leo. Mwaka huo wa 1858 ndio pia kebo ya kwanza ya telegrafu ilivuka chini ya bahari ya Atlantiki. Ilifanya kazi wiki chache, ikafa. Utendi ungali hai.

Kebo ya chini ya bahari ilifika kwetu 1879, ilipotua Zanzibar kutoka Aden. Umeme nao ulipitia mlango huohuo. Sultani Barghash alinunua jenereta ya kuangazia jumba lake, na kwa masimulizi ya Kenya Power wenyewe, mwaka 1908 jenereta hiyo ilichukuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na hapo ndipo biashara ya umeme Kenya ilipoanza. Kwa hivyo pwani hii ilipokea waya wa ujumbe na waya wa nguvu katika muda wa kizazi kimoja. Shida ni kwamba waya hizi mbili zikiwa jirani, ule wa nguvu humpigia kelele mwenzake.

Waliogundua hilo mapema ni watu wa simu. Simu za mwanzo Marekani zilitumia waya mmoja, na umeme ukarudi kwa kupitia ardhini, kama telegrafu. Telegrafu haikujali sana, kwa sababu ilihitaji kujua jambo moja tu: kuna umeme au hakuna. Simu ilibeba sauti yenyewe, kila mtikisiko wake. Miaka ya 1880, taa za umeme na tramu zilipoingia mijini, watu wakainua simu na kusikia mji mzima ukivuma.

Alexander Graham Bell alipata hataza ya dawa yake mwaka 1881: tumia waya mbili, wa kwenda na wa kurudi, kisha uzisokote pamoja. Sababu yake ni rahisi. Umeme wa jirani hutoa sumaku inayobadilika, na sumaku hiyo huzaa umeme kidogo katika nafasi iliyo kati ya waya zako mbili. Zikiwa zimeachana, nafasi ni kubwa na mvumo ni mkubwa. Ukizisokota, nafasi inabaki vijitundu vidogo, na kila kijitundu kinageuka upande wa pili wa mwenzake. Kinachozaliwa katika msokoto mmoja kinafutwa na msokoto unaofuata. Ukikata waya wa intaneti wa ofisini kwako leo, utakuta jozi nne, kila moja imesokotwa.

Mtu wa visiwa vya Lamu hahitaji kufundishwa nguvu ya msokoto. Wabajuni walijenga mitepe, vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba ya usumba wa nazi bila msumari. Uzi mmoja wa usumba unaukata kwa vidole. Zikisokotwa nyingi, zinashika chombo baharini.

Maiki nayo ilikuwa ikibadilika. Mwaka 1925 kampuni kubwa za sahani za santuri zilianza kurekodi kwa maikrofoni ya umeme badala ya pembe la kuimbia. Miaka mitatu baadaye, 1928, Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi, na sauti ya Kiswahili ikaanza kuuzwa madukani. Kisha mwaka 1962, James West na Gerhard Sessler, katika maabara ya Bell, waliunda maiki ya elektreti: ndogo, rahisi, isiyohitaji umeme mwingi. Ndiyo mama wa ile punje niliyoipeleka Chundwa.

Lakini punje hiyo hutoa milivolti chache tu. Bodi ya biti 12 inayopima hadi volti 3.3 huhesabu kwa hatua za karibu milivolti 0.8, kwa hivyo lazima amplifaya ikuze sauti kwanza. Mimi niliiweka amplifaya kwenye bodi, mwisho wa waya. Maana yake, sauti dhaifu ya bibi ilisafiri mita tatu ikiokota mvumo njiani, kisha nikavikuza vyote viwili kwa pamoja. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na huo ndio mngurumo. Chaja ikaongeza kelele zake kupitia waya wa athi. Simu yangu mfukoni, ikitafuta mtandao wa 2G, ilirusha mapigo 217 kwa sekunde. Ile dr-dr-dr ambayo spika hutoa kabla simu haijalia.

Nilirekebisha usiku uleule. Amplifaya niliihamisha ikae kando ya maiki, ili sauti isafiri ikiwa tayari ina nguvu. Nikasokota waya, nikavivika koti la nyuzi za shaba nililovua kwenye kebo kuukuu ya antena ya TV, na koti hilo nikaliunga na athi upande mmoja tu, upande wa bodi. Msokoto unazuia sumaku. Koti linazuia kile ambacho msokoto hauwezi. Chaja nikaing'oa, nikaweka betri. Simu ikalala chumba kingine.

Asubuhi bibi alighani tena. Safari hii hata pumzi zake zilisikika. Ila alipofika katikati alisita, akatazama chini, akaruka mbele. Beti kama sita alizozighani jana hazikumjia.

Zimo kwenye ile rekodi ya kwanza. Nimejaribu programu ya kuchuja. Inaondoa 50 vizuri, lakini mvumo una watoto, 100, 150, 200, na hao wanakaa palepale sauti ya bibi inapokaa. Ukiwatoa, na yeye anapungua. Kwa hivyo naisikiliza kwa hedifoni, mstari baada ya mstari, kalamu mkononi. Mpaka sasa nimeandika beti nne.

Ukienda kumrekodi mzee wako, zisokote waya zako kabla hujamwambia aanze.