Dolby B
Dolby B ni mfumo wa kupunguza kelele katika kanda za kaseti uliotolewa mwaka 1968 na kampuni ya Ray Dolby (1933-2013), mhandisi kutoka Marekani aliyeianzisha London, Uingereza, mwaka 1965.

Utepe wa kaseti una upana wa mm 3.81 tu na hupita polepole, sm 4.76 kwa sekunde. Hivyo mlio wa "sss" wa chembechembe za sumaku husikika wazi muziki unapokuwa wa chini. Sauti kubwa huufunika. Kwa sababu hiyo mfumo hushughulikia sauti nyembamba zilizo hafifu: wakati wa kurekodi huzikuza, na kaseti inapopigwa huzishusha kwa kiasi kilekile. Mlio wa utepe, ulioingia katikati, hushushwa pamoja nazo kwa takriban desibeli 9.

Mfumo hauondoi kelele iliyokuwepo kabla ya kurekodi. Kaseti ya Dolby B ikipigwa bila mfumo huo husikika kali mno. Kaseti ya kawaida ikipigwa nao hufifia. Anayehamisha kaseti za zamani kwenye kompyuta huanza kwa kutazama alama ya D mbili kwenye kaseti, kisha husafisha hedi: hedi chafu hupunguza sauti nyembamba, na Dolby huzipunguza zaidi.