Picha za salo: soko la Lubumbashi lililowavuta wanaanthropolojia

Mwaka 1973 mchoraji kijana, Tshibumba Kanda Matulu, alifika nyumbani kwa Johannes Fabian mjini Lubumbashi akiwa na picha za kuuza. Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa akifundisha katika chuo kikuu cha hapa. Yeye na mtafiti mwenzake, Ilona Szombati-Fabian, walikuwa wakiichunguza biashara ambayo mji mzima uliijua: picha zilizochorwa kwenye kitambaa cha mifuko ya unga, zikauzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa mgodi au wa reli aliimudu.

Sisi wa mtaa wa Bel-Air, kama komuni nzima ya Kampemba hapa mjini, tunajua salo, chumba cha kupokea wageni, ndiyo uso wa nyumba. Huko ndiko uchunguzi ulikoelekea. Bei peke yake isingewafunulia mengi. Walitaka kujua nani kanunua, na picha inamwambia nini.

Jibu lilikuwa ukumbusho. Mteja alitaka picha ya kuzungumziwa, uzuri wa rangi ulifuata baadaye. "Colonie belge" (koloni la Ubelgiji) ilipendwa sana: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa kiboko, mzungu kasimama anatazama. Baba aliyeyapitia hayo alikuwa na la kuwaonyesha watoto. Mamba Muntu naye, nusu mwanamke nusu samaki, nyoka ubavuni na mara nyingine saa mkononi, aliahidi utajiri kwa mwenye kutunza siri yake. Kwa maelfu ya familia hapa, mshahara, nyumba na posho vyote vilitoka kwa kampuni ya shaba. Nadhani ndiyo sababu walitundika ukutani utajiri usiopita mikononi mwa bwana mkubwa.

Mchoraji alirudia picha ileile tena na tena. Mkusanyaji wa Ulaya angeziona nakala tu. Kwa muuzaji wa hapa, kurudiwa kulithibitisha kwamba watu wanaitaka. Lakini Tshibumba alijiita mwanahistoria na alitaka kuichora historia ya nchi nzima. Soko la salo lisingenunua mfululizo kama huo. Fabian aliununua: picha 101, zilizokamilika mwaka 1974, huku mchoraji akizieleza kwa Kiswahili chetu na kinasa sauti kikirekodi.

Mwaka huohuo bei ya shaba iliporomoka. Mwaka 1975 vita vya Angola vikafunga reli ya Benguela, njia ya shaba kwenda baharini. Mishahara iliyonunua picha ikaisha nguvu, na kuta zikabaki wazi. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilipoanzisha Observatoire du Changement Urbain, kituo cha kuchunguza mabadiliko ya mji, watafiti walirudi majumbani, safari hii wakiuliza kaya inakula nini na fedha inatoka wapi. Kisha, mwaka 2003, Gécamines, kampuni hiyo ya shaba, iliwaondoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000.

Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fabian alichapisha kitabu juu ya picha zile mwaka 1996, na zenyewe zikaenda kuhifadhiwa Amsterdam. Nakala zake zinastahili kutundikwa katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, karibu na watoto na wajukuu wa wale walionunua.